Shajara ya mradi: walimu 14 na video za dakika nne

Kabla ya kuanza

Mafunzo ya mwaka jana, ya walimu kujitengenezea video za masomo, niliyaendesha kwa mpangilio ambao leo siwezi kuutetea. Siku ya kwanza tulifungua programu ya kuhariri tukapitia vitufe, kimoja baada ya kingine, na siku ya pili tukamalizia vilivyobaki. Walimu waliandika hadi madaftari yakajaa. Miezi mitatu baadaye nilipouliza ni nani ameshawaonyesha wanafunzi wake video aliyoitengeneza, hakuna mkono ulioinuka. Wote walikumbuka kitufe cha kukata kiko wapi, ila hawakuwa na kitu cha kukata.

Safari hii nimeugeuza mpango mzima. Walimu ni 14, wa masomo mbalimbali. Tunakutana mara moja kwa wiki, saa tatu kila kikao. Kila mmoja anatumia simu yake mwenyewe, na kompyuta mpakato ziko tano za kushirikiana. Lengo ni kwamba kila mwalimu atoke na video isiyozidi dakika 4, iliyokwisha kutazamwa na wanafunzi wake mwenyewe. Programu ya kuhariri hatutaigusa mpaka wiki ya 4.

Wiki ya 1

Niliwaomba waje na kitu kimoja tu: swali ambalo wanafunzi wao hulikosa kila mwaka, hata baada ya kufundishwa vizuri. Nilisisitiza kuwa nataka swali, si mada.

Mwalimu wa baiolojia alikuja na mada. Alikuwa ameandika "Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula", kuanzia mdomoni hadi mwisho, kurasa sita. Nilimwomba asome kwa sauti huku tukiangalia saa. Dakika ya 9 bado alikuwa tumboni. Hakukasirika, alikaa kimya kidogo, akachukua kalamu na kuanza kufuta. Hadi kikao kinaisha alikuwa amebaki na jambo moja: kwa nini tonge halipotei njia na kuingia kwenye koo la hewa tunapomeza. Ndani yake kuna kile kifuniko kidogo kinachoshuka na kuziba njia ya hewa, na kuna kitu cha kuonyesha, kwa sababu mwanafunzi anaweza kushika koo lake, akameza, na kusikia likipanda na kushuka.

Mwalimu wa hisabati alikuja na karatasi yenye mstari mmoja: "Ipi kubwa, 0.4 au 0.35?" Akasema zaidi ya nusu ya darasa lake humjibu 0.35. Nikajua papo hapo kuwa hiyo ni video.

Waliniuliza kwa nini dakika 4 na si 10. Niliwaeleza kuhusu utafiti wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin wa mwaka 2014, waliochambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Waligundua kuwa muda wa kati ambao watu waliendelea kutazama haukuzidi dakika 6, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani. Niliwaambia pia kwamba wale walikuwa watu wanaojisomea mtandaoni, si watoto walioketi darasani mbele ya mwalimu wao, kwa hiyo tusiichukue namba ile kama sheria. Dakika 4 niliichagua kwa sababu nyingine vilevile: kazi ya kuhariri dakika 4 mwalimu anaweza kuimaliza jioni moja. Dakika 10 zitamchukua wiki nzima, na baada ya hapo hatarudia.

Wiki ya 2

Sauti. Kikao chote kilikuwa cha sauti, na ningekuwa na uwezo ningeipa sauti wiki mbili.

Kwanza tulifanya jaribio moja dogo. Mwalimu mmoja alisoma sentensi ileile mara mbili, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, kisha simu ikiwa juu ya dawati umbali wa mita 2. Tukasikiliza zote mbili kwa hedifoni, tukipokezana. Rekodi ya kwanza ilikuwa mtu anayezungumza nawe. Ya pili ilikuwa chumba kinachozungumza: mwangwi wa kuta, viti vinavyoburuzwa, mtu anayekohoa nje, na kwa mbali sana, mwalimu. Hapo ndipo nilipoeleza sababu. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti inayokufikia moja kwa moja hupungua takriban desibeli 6. Ndani ya chumba mwangwi haupungui hivyo, kwa hiyo kadiri unavyoiweka simu mbali ndivyo mwangwi unavyoimeza sauti yako. Ukiongeza sauti kwenye programu baadaye, na mwangwi nao unaongezeka.

Basi tukaanza kuhangaika na vyumba. Chumba chenye mapazia na nguo kilishinda darasa tupu kwa mbali. Mwalimu mmoja alijifunika shuka kichwani pamoja na simu yake, akatoka na rekodi safi kuliko zetu zote. Hedifoni zenye maiki ndogo kwenye waya nazo zilifaa, mradi maiki isisugue kola ya shati. Ule mkwaruzo hauondoki kabisa.

Mambo mawili walichukua kama kanuni. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege kabla ya kurekodi, maana simu ikipigwa katikati, rekodi inakatika. Na kabla ya kuanza kusema, rekodi sekunde 10 za kimya cha chumba. Kimya hicho kitatumika kuziba mapengo wakati wa kuhariri, kwa sababu ukiondoa neno na kuacha utupu kabisa, sikio linashtuka.

Wiki ya 3

Picha. Hii tuliipita haraka, na sijutii.

Dirisha liwe mbele yako, si nyuma. Simu ilale kiupande, picha iwe pana. Futa lenzi kwa kitambaa, maana alama za vidole ndizo zilizofanya nusu ya picha zetu zionekane kama zina ukungu. Gusa skrini na kushikilia hadi umakinikaji (fokasi) na mwanga vijifunge, la sivyo karatasi nyeupe ikiingia kwenye picha, kila kitu kinageuka giza.

Walimu wengi hawataki nyuso zao zionekane, na kwa video hizi hakuna haja. Tulipanga vitabu nguzo mbili, tukalaza rula ndefu juu yake, tukaiegesha simu ikitazama chini kwenye karatasi. Mkono unaoandika ndio uliokuwa mhusika wetu. Anayeandika kwa mkono wa kulia, mwanga umjie kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike anachoandika.

Wiki ya 4

Hatimaye kuhariri. Kwenye kompyuta tulichagua Shotcut, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. OpenShot na Kdenlive zingetufaa pia. Wasiokuwa na zamu ya kompyuta walitumia programu walizokwisha kuzizoea kwenye simu. Nilifundisha mambo manne tu: kuingiza klipu (vipande vya video), kukata, kusogeza, na kutoa faili la mwisho. Mtu akiuliza kuhusu mapambo ya kuhamia kutoka klipu moja hadi nyingine, nilimwambia tutayaona mradi ukiisha.

Kikao hiki kilikuwa na hasara na faida, na zote nitaziandika.

Hasara ilitokana na jambo nililosahau kulisema. Mwalimu wa jiografia alihariri kwa saa nzima, akahifadhi mradi kwenye flashi na kwenda nao nyumbani. Alipofungua, programu ikamwambia faili hazipatikani. Hakuwa amekosea chochote. Faili la mradi la Shotcut, lile linaloishia na .mlt, halibebi video ndani yake. Ni maandishi tu yanayosema klipu fulani iko kwenye folda fulani, ikatwe hapa, ianze pale. Klipu zenyewe zilibaki kwenye kompyuta yetu. Zilipatikana, lakini usiku wake ulikuwa umekwisha kuharibika, na ni mimi niliyepaswa kumwonya. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua programu, kila mwalimu anatengeneza folda moja yenye jina la video yake, anaweka humo klipu zote, sauti, picha na faili la mradi, na ikihamishwa inahamishwa folda nzima.

Faida ilitoka kwa mwalimu wa hisabati. Alikuwa amerekodi sauti nzuri, mkono ukichora vizuri. Alivaa hedifoni, akacheza klipu yake ya kwanza. Baada ya sekunde chache akaisimamisha, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara tatu. Kisha akavua hedifoni na kuniita.

"Sikiliza hapa mwenyewe, Mwalimu."

Nilisikiliza. Sauti yake ilisema: "Tuna sifuri nukta nne, na sifuri nukta thelathini na tano."

Sikugundua kitu. Akanieleza. Anaposema "nukta nne" na "nukta thelathini na tano", mtoto anasikia nne na thelathini na tano. Na thelathini na tano ni kubwa kuliko nne, hilo kila mtoto anajua tangu darasa la chini. Namba ile ilipaswa kutamkwa "sifuri nukta tatu tano": sehemu tatu za kumi, na sehemu tano za mia. Amekuwa akiitamka vile miaka yote, ubaoni, na kila mwaka akishangaa kwa nini darasa linachagua 0.35.

"Nimekuwa nikiwafundisha kosa kwa mdomo wangu," alisema. Hakulisema kwa uchungu mwingi. Alilisema kama mtu aliyepata kitu alichokitafuta siku nyingi.

Nimewahi kuwaeleza watu kuwa kuhariri ni kuondoa makosa ya ulimi. Sasa nalitazama jambo hili tofauti. Mwalimu akiwa mbele ya darasa hana nafasi ya kujisikia. Anaangalia saa, anaangalia mtoto aliyelala nyuma, anawaza mfano unaofuata. Kwenye mstari wa muda wa programu ya kuhariri, sauti yake imetandikwa mbele yake kama nguo iliyoanikwa, na anaweza kuikagua mshono kwa mshono. Mambo mengi niliyoyapanga kwenye mradi huu naona yalikuwa njia ya kufika hapo tu.

Alirekodi upya sentensi zote zenye desimali. Baadaye nilimwona ameacha sekunde 5 za kimya baada ya kuuliza ipi kubwa. Nilikuwa nimewaambia wakate kimya chochote kinachozidi sekunde moja, nikamwonyesha pa kukata.

"Hapana, Mwalimu, hapo sikati. Hapo ndipo mtoto anafikiri."

Nikaondoa mkono wangu kwenye kipanya. Kanuni yangu ya sekunde moja nimeifuta.

Wiki ya 5

Mwalimu wa historia alikuwa na tatizo la sauti kuachana na picha. Mwanzoni mdomo na maneno viko pamoja, lakini kufika dakika ya 3 mdomo unafunga na neno bado linakuja. Chanzo ni simu. Simu nyingi hazirekodi fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa kasi moja. Mwanga ukipungua au simu ikielemewa, idadi ya fremu kwa sekunde hupanda na kushuka. Baadhi ya programu za kuhariri huhesabu kana kwamba kasi haibadiliki, na kosa dogo linajumlishwa hadi linaonekana. Shotcut hutoa onyo inapoingiziwa klipu kama hiyo na kujitolea kuibadilisha; tulipouliza, mwalimu alikumbuka kuwa kidirisha kilitokea naye akakifunga. Kwa klipu za waliokuwa kwenye programu nyingine tulitumia HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, tukachagua kasi ya fremu isiyobadilika, halafu ndipo tukahariri.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa muziki na maandishi. Walimu kadhaa walikuwa wameweka muziki chini ya maelezo yao ili video "isiboe". Tuliwatazamisha wenzao video mbili, moja yenye muziki na moja bila muziki, kisha tukawauliza walichojifunza. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kutafiti jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja, na moja ya kanuni zake ni kwamba kisichohusiana na somo, hata kama kinapendeza, kinapunguza kinachoshikwa. Muziki uliondolewa. Wawili walihuzunika, nikawaelewa, kwa maana waliuchagua kwa upendo.

Kisha likaja swali gumu zaidi. Mayer huyohuyo anaonyesha kuwa kuweka kwenye skrini maneno yaleyale yanayosemwa, juu ya picha, kunamlemea anayejifunza. Mwalimu mmoja akauliza, na ilikuwa haki yake kuuliza: "Na mwanafunzi wangu asiyesikia vizuri?" Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa wavuti, WCAG, unaweka manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, kwenye video zenye sauti katika daraja la chini kabisa la mahitaji, yaani ndiyo mahali pa kuanzia. Kwa hiyo manukuu lazima yawepo. Tulichokubaliana ni kutoyachoma ndani ya picha. Tunayaandika kwenye faili la pembeni la aina ya SRT, ambalo linaweza kuwashwa kwa anayehitaji na kuzimwa kwa asiyehitaji.

Faili hilo huandikwa kwa kihariri chochote cha maandishi, na walimu walishangaa kuona lilivyo jepesi:

1
00:00:04,000 --> 00:00:07,500
Ipi kubwa: 0.4 au 0.35?

Namba ya mfuatano, muda wa kuanza na kuisha, maneno, mstari mtupu, kisha linalofuata. Kati ya sekunde na milisekunde ni mkato, si nukta. Mwalimu mmoja aliweka nukta na manukuu yakakataa kutokea kwenye simu yake. Faili likipewa jina lilelile la video na kukaa folda moja nayo, VLC, programu ya kuchezea video, inalichukua yenyewe.

Wiki ya 6

Ukubwa wa faili. Video ya mwalimu wa baiolojia ilitoka ikiwa na megabaiti 480 kwa dakika 4, na wanafunzi wake hawawezi kuipokea kwenye simu. Hesabu yake nimeiweka hapa kwa sababu walimu waliipenda: kila sekunde ya video ilibeba megabiti 16, mara sekunde 240 ni megabiti 3,840, gawanya kwa 8 (baiti moja ni biti 8) upate megabaiti 480. Tukashusha hadi megabiti 2 kwa sekunde, zikawa megabaiti 60, na sauti ya kilobiti 128 ikaongeza kama megabaiti 4. Picha tuliishusha hadi pikseli 1280 kwa 720, faili likawa MP4 iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, ambayo simu nyingi huifungua bila matatizo. Kwa mkono unaoandika polepole kwenye karatasi nyeupe, macho hayaoni tofauti.

Kinachoonekana ni maandishi. Mwalimu wa kemia alikuwa ameandika kwa kalamu ya njano kwenye karatasi nyeupe. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na njano juu ya nyeupe haifiki hata karibu. Alirudia kwa kalamu nyeusi.

Haki na ruhusa zilichukua muda kuliko nilivyopanga. Mwalimu mmoja alikuwa na picha yenye leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kutumia kazi kwa masharti, iliyokuwa na herufi ND, naye aliikata na kuichorea mishale. Herufi hizo zinamaanisha huruhusiwi kusambaza kazi uliyoibadilisha. Akachora mchoro wake mwenyewe, na kwa maoni yangu ukawa bora. Mwingine alikuwa na klipu nzuri ya wanafunzi wakifanya jaribio, lakini kwa sekunde mbili jalada la daftari lilionekana, na jina la mtoto lilisomeka wazi. Tuliikata. Nilimwambia kwamba ruhusa ya mzazi haipatikani kwa kudhani.

Wiki ya 7

Darasani. Niliwaomba walimu wasitazame skrini, watazame wanafunzi, na waandike dakika na sekunde ya kila jambo walilolishuhudia.

Mwalimu wa baiolojia aliandika "1:50, wanacheka". Kifuniko cha koo alikichora kwa namna iliyowafurahisha, na kicheko kilifunika sentensi iliyofuata, ambayo ndiyo iliyobeba maelezo yote. Ameongeza sekunde 3 baada ya mchoro kabla sauti haijaendelea. Mwalimu wa jiografia aliona kuwa sekunde 11 za mwanzo, za salamu na kutaja kichwa cha somo, watoto walikuwa bado wanageuza viti. Amezikata zote, video sasa inaanza na swali.

Mwalimu wa hisabati alisimamisha video kwenye kile kimya chake cha sekunde 5 na kuwaambia waandike jibu. Alipita kati ya madawati. Wengi waliandika 0.35, kama kila mwaka. Akaendeleza video: ukanda wa karatasi uliogawanywa mara kumi, vipande vinne vimepakwa rangi, kisha chini yake ukanda mwingine uleule, vipande vitatu na nusu ya kipande. Mtoto mmoja wa mbele alianza kufuta jibu lake kabla sauti haijafika huko. Kisha darasa likasoma namba kwa sauti pamoja naye, "sifuri nukta tatu tano".

Hadi leo walimu 9 kati ya 14 wameshaonyesha video zao. Watatu wanarekodi upya sauti. Wawili bado hawajapata swali, na nimeacha kuwasukuma. Nitaketi nao mmoja mmoja wiki ijayo, bila simu mezani. Kompyuta moja imeharibika kibodi, kwa hiyo zamu zitabidi zipangwe upya.

Mwalimu wa hisabati alinisubiri mlangoni kikao kilipoisha. Ana karatasi ya video ya pili: kwa nini 1/8 ni ndogo kuliko 1/5. Chini ya swali ameandika njia tatu za kuitamka, na mbili ameshazipiga mstari.